Jumla yetu ilikuwa ndogo, mbona tumekuwa wa pili?

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi na mume wangu tunakaa Malindi na tunacheza dansi ya ukumbini kwa ridhaa. Mwezi uliopita tuliingia mashindano katika hoteli moja hapa mjini, dansi tatu: walzi, tango na kwikstepu. Nusu fainali majaji wote watano walitutia tiki katika kila dansi, tiki 15 kwa 15, na jozi namba 21 ikapata 11. Fainali tuliingia jozi sita. Karatasi ya alama ilipobandikwa ukutani niliipiga picha, nimekutumia. Nikijumlisha namba zote tulizopewa, sisi ambao ni namba 14 tuna 27, wao wana 36, na mwenye ndogo ndiye bora. Halafu chini pameandikwa 5 kwa 5, na kikombe wamepewa wao. Je, tumeonewa? Tukate rufaa? Jamaa yetu aliyeko Ujerumani anasema kule yeye ni daraja C na kwamba kuna orodha ya dunia. Sisi tunaingiaje humo? Na hoteli imetuomba msimu ujao tucheze mbele ya wageni kwa malipo. Tutaharibu ridhaa yetu?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, na salamu zimfikie shemeji. Nimeikuza ile picha, nikaandika alama zote upya kwenye daftari na kuzipiga hesabu mwanzo hadi mwisho. Aliyehesabu siku ile hakukosea hata namba moja. Namba 21 walishinda kwa kanuni. Hata hivyo kwenye kwikstepu kuna jambo ambalo hukuliona, na lina uzito kuliko hiyo 27 na 36. Nitalifikia.

Tuanze na namba yenyewe anayoiandika jaji. Kwenye fainali jaji hatoi maksi. Anapanga tu: kati ya jozi hizi sita zilizo mbele yangu, hawa wa 1, hawa wa 2, mpaka wa 6, wala haruhusiwi kuwaweka wawili pamoja. Namba hiyo haisemi wamepishana kwa kiasi gani. Chukua mashindano ya mashua kule Lamu: ukiambiwa tu kwamba mashua fulani ilikuwa ya kwanza na nyingine ya pili, huwezi kujua kama zilipishana kwa urefu wa omo, au kama ya kwanza ilishatia nanga na mabaharia wakanywa kahawa kabla ya pili kutokeza. Namba za jaji ni za namna hiyo. Ukizijumlisha, pengo la nywele na pengo la maili yanahesabiwa sawa.

Ndiyo maana waliotunga kanuni hawakukubali kujumlisha alama za majaji ndani ya dansi moja. Mfumo unaotumika katika mashindano mengi ya ridhaa duniani unaitwa sketingi. Ulianza kutumika Uingereza mwaka 1937, na jina limetoka kwenye mchezo wa kuteleza juu ya barafu, ambako enzi hizo nako mshindi alipatikana kwa wingi wa majaji. Mfumo huu unauliza jambo moja: ni majaji wangapi wanakubali kwamba jozi hii inastahili nafasi hii, au iliyo juu yake? Majaji wakiwa watano, wingi ni watatu. Kwa sababu hiyo idadi yao hupangwa iwe witiri, 5 au 7 au 9, ili wasigawanyike nusu kwa nusu.

Sasa tazama walzi, tukienda kuanzia jaji wa kwanza mpaka wa tano:

Namba 14: 2, 2, 1, 2, 2
Namba 21: 1, 1, 2, 1, 6

Jumla yenu ni 9, yao ni 11. Lakini majaji watatu kati ya watano wamesema 21 ndio wa kwanza. Wingi umepatikana, swali limefungwa. Ile 6 ya jaji wa tano haiangaliwi tena. Ingekuwa 3 au 4, matokeo yangekuwa yale yale. Kisha tunatafuta wa pili: majaji wangapi wamewapa ninyi 2 au bora zaidi? Wote watano. Nafasi ya pili ni yenu bila ubishi.

Nataka umtazame huyo jaji wa tano kwa makini, maana ndiye aliyekupa ile 27 kwa 36. Aliwapa namba 21 nafasi ya 6 kwenye walzi, ya 5 kwenye tango na ya 3 kwenye kwikstepu. Jumla yake peke yake ni 14. Mwondoe, uhesabu majaji wanne waliobaki: ninyi mna 20, wao wana 22. Tofauti yenu ilikuwa 9, na 7 kati ya hizo zimetoka kwa mtu mmoja. Simtuhumu. Huenda aliona kosa ambalo wenzake hawakuliona, kwa kuwa majaji husimama pembe tofauti za ukumbi. Lakini kama kikombe kingetolewa kwa jumla, jaji mmoja mwenye namba kali angekuwa na nguvu kuliko wanne wenye namba za wastani. Siku nyingine, dada, atakayepewa 6 na mtu mmoja ni wewe, na hapo utafurahi kwamba kanuni ya wingi inakukinga. Kwa jopo dogo la watu watano, mimi naiunga mkono kanuni hii bila kusita.

Tango hapana utata. Mlipata 1, 1, 2, 1, 3. Majaji watatu wamewapa nafasi ya kwanza, mmeshinda. Namba 9 wakawa wa pili, na 21 wakawa wa tatu.

Kwikstepu ndiko kwenye mambo.

Namba 14: 1, 1, 3, 3, 2
Namba 21: 2, 2, 1, 2, 3
Namba 9: 4, 3, 2, 1, 1

Nani ana namba 1 tatu? Hakuna. Ninyi mna mbili, namba 9 wana mbili, 21 wana moja tu. Kanuni inasema nafasi ya kwanza ikikosa mwenye wingi, tunateremka safu moja: sasa hesabu 1 na 2 kwa pamoja. Ninyi mna tatu. Namba 9 wana tatu. Namba 21 wana nne. Wote watatu wamepata wingi, lakini wingi mkubwa ni wa 21, kwa hiyo wao ndio washindi wa kwikstepu, wakiwa na namba 1 ya jaji mmoja tu. Najua inauma. Wanafunzi wangu karibu wote hukasirika wanapoiona mara ya kwanza.

Baada ya hapo ninyi na namba 9 mnagombea nafasi ya pili mkiwa na tatu kwa tatu. Hapa ndipo jumla inaruhusiwa, lakini ni jumla ya zile alama zinazohesabika tu: zenu ni 1, 1 na 2, jumla 4, zao ni 2, 1 na 1, nazo 4. Bado mmefungana. Mnateremka safu nyingine, mnahesabu 1, 2 na 3 kwa pamoja: ninyi tano, wao nne, kwa sababu jaji wa kwanza aliwapa 4. Nafasi ya pili ni yenu.

Sasa lile nililokuahidi. Wasahau wengine wote, linganisha 14 na 21 peke yao kwenye kwikstepu. Jaji wa kwanza amewaweka ninyi juu. Wa pili ninyi. Wa tatu wao. Wa nne wao. Wa tano ninyi. Watatu kwa wawili, majaji waliwapendelea ninyi, na bado dansi imekwenda kwao. Hiyo ndiyo hoja ambayo ungeweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Mfumo wa sketingi hauwashindanishi wawili wawili. Unaangalia nafasi kati ya wote sita, na kwa jicho hilo 21 walikuwa karibu na kilele machoni mwa majaji wengi zaidi, ilhali ninyi majaji wawili waliwashusha hadi nafasi ya tatu.

Je, hii ni dosari? Ndiyo, ni dosari. Mfaransa Condorcet alikwisha kulichambua tatizo la namna hii mwaka 1785 alipoandika juu ya upigaji kura, na mwaka 1951 mchumi Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kwa hesabu kwamba, wagombea wakishakuwa watatu au zaidi, hakuna njia ya kugeuza mipangilio ya watu wengi kuwa mpangilio mmoja ikatimiza masharti yote ya haki ambayo mtu mwenye akili angeyataka. Ukiziba ufa huu, mwingine unafunguka. Kwa hiyo anayekuambia ana njia ya kupanga jozi isiyo na walakini, mwambie aonyeshe hesabu zake.

Twende kwenye 5 kwa 5. Baada ya dansi zote, nafasi mlizopata zinajumlishwa: ninyi 2 ya walzi, 1 ya tango na 2 ya kwikstepu, jumla 5. Wao 1, 3 na 1, jumla 5. Namba 9 wana 8, wako mbali. Mkifungana hivyo kileleni, kanuni ya kumi ya sketingi inauliza nani ameshinda dansi nyingi zaidi. Wao wameshinda mbili, ninyi moja. Kikombe ni chao.

Mngekuwa sawa hata hapo, ingekuja kanuni ya kumi na moja, ambayo inachukua alama zote za majaji wote katika dansi zote tatu na kuzihesabu kana kwamba ni dansi moja. Nimeifanya hesabu hiyo kwa kutaka kujua tu. Alama ni 15, wingi ni 8. Namba 1 mnazo sita, wao tano, hakuna aliyefika. Ukihesabu 1 na 2 pamoja, ninyi mna 12, wao 9. Mngeshinda. Lakini kanuni haziruki zamu, na ya kumi hutangulia ya kumi na moja. Kwa hiyo hisia yako kwamba karatasi nzima inawapendeza ninyi zaidi haikuwa ya kujifariji, ina msingi. Kilichowaponza ni kwamba 21 waliposhinda walishinda, na walipoanguka waliangukia dansi moja, ilhali ninyi mlikuwa imara kote na wa kwanza mahali pamoja tu.

Kuhusu tiki za nusu fainali, hapo usiumize kichwa. Katika raundi za mwanzo jaji hapangi mtu. Anaambiwa na mwenyekiti wa majaji achague jozi sita, anatia tiki sita, basi. Jozi anayoiona ya kwanza na anayoiona ya sita zinapata tiki ile ile. Kwa hiyo 15 kwa 15 ina maana moja tu, kwamba hakuna jaji aliyetilia shaka kuwa mnastahili kuingia fainali. Haina maana kwamba mlikuwa mkiongoza. Na fainali ikianza, tiki zote zinafutwa.

Kitu kingine ambacho watazamaji hawakipigii hesabu ni muda. Dansi moja ya mashindano huchezwa dakika moja na nusu hadi mbili. Chukua dakika moja na nusu, gawa kwa jozi sita: kila jozi ina sekunde 15 za jicho la jaji, naye lazima alinganishe na kuandika ndani ya muda huo huo. Raundi ya jozi kumi na mbili, ni chini ya sekunde 8. Ndiyo maana jaji huanza na yale yanayoonekana upesi: mnakanyaga kwenye pigo au nje yake, mkao wa mwili, miguu inavyotua. Ile mizunguko mliyoifanyia mazoezi wiki nzima huenda ilipita akiwa amewageukia wengine. Nimehesabu alama katika mashindano mengi hapa pwani, na jozi inayoanza vizuri hatua nane za kwanza hupata namba nzuri kuliko inayoficha uhondo katikati ya wimbo.

Rufaa: msikate. Mpangilio wa jaji haukatiwi rufaa. Kinachoweza kukaguliwa ni hesabu, na hesabu nimekwisha kukagua. Tena kabla hujawalaumu waandaaji wa mashindano hayo, kumbuka walibandika karatasi nzima ukutani, alama ya kila jaji katika kila dansi. Hilo ndilo jambo kubwa walilofanya siku ile. Pwani hii watu wameshindana kwa ngoma tangu zamani. Kule Lamu, watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni walipambana kwa ngoma ya beni na kwa mashairi, na kila upande ungeweza kurudi nyumbani ukijihesabu mshindi, kwa kuwa hapakuwa na karatasi. Mashindano yanayotangaza "wa kwanza, wa pili, wa tatu" bila kuonyesha alama yanawanyima wachezaji haki yao, na mimi huwashauri wanafunzi wangu wasilipe ada ya kuingia mahali kama hapo mara ya pili.

Wapo walioona kwamba namba za nafasi hazitoshi kabisa. Mchezo wa barafu uliotoa jina la mfumo huu uliuacha baada ya kashfa ya Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002. Majaji tisa waligawanyika watano kwa wanne, Warusi wakapewa dhahabu, kisha ikabainika kwamba jaji wa Ufaransa alidai kushinikizwa, na Wakanada waliokuwa wa pili wakapewa dhahabu nyingine. Mwaka 2004 mchezo ule ukahamia kwenye maksi. Shirikisho la dunia la dansi ya michezo, WDSF, nalo lina mfumo wa maksi kwa mashindano yake makubwa, ambapo jozi hupimwa kwa kiwango cha hadi 10 katika mambo manne: ubora wa mbinu, mwendo kulingana na muziki, uelewano wa wawili, na mpangilio wa dansi pamoja na namna inavyowasilishwa. Hapo jaji anaweza kusema kwamba wa kwanza na wa pili wamepishana kidogo sana. Lakini mfumo ule unataka majaji wengi waliofunzwa kwa kipimo kimoja. Kwa jopo la watu watano waliokutana asubuhi hiyo hiyo Malindi, kila mmoja na mizani yake, maksi zingeleta fujo. Wacha wapange.

Sasa jamaa yako wa Ujerumani. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na matokeo ya siku moja, na pia huyachanganya yenyewe kwa yenyewe.

Daraja ni ngazi unayoipanda. Ujerumani ngazi huanzia D, kisha C, B, A, na S juu kabisa. Katika shindano unapata pointi moja kwa kila jozi uliyoishinda, na ili upande ngazi unatakiwa ufikishe pointi kadhaa pamoja na idadi fulani ya nafasi nzuri. Masharti haya mawili huenda pamoja kwa makusudi: pointi peke yake ungeweza kuziokota kwa kuingia mashindano mengi na kuwa wa katikati kila siku, na nafasi nzuri peke yake ungeweza kuipata kwa kuwashinda watu wawili tu. Tena daraja la dansi za walzi na tango ni mbali na la samba na rumba, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa B huku na D kule. Jamaa yako wa C amekwisha kupanda ngazi moja. Mpongeze, lakini usimwone yuko mbinguni.

Kwingine wanahesabu vingine. Kwenye mashindano ya vyuo vikuu Marekani, kwa mfano, wa kwanza huhesabiwa pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na ukifikisha 7 katika ngazi yako unatakiwa kuihama, hutakiwi kubaki ukiwashinda wanaoanza. Napenda sana sharti hilo la mwisho, maana linawalinda wageni wa mchezo. Italia nao wana madaraja ya herufi, na kwa kuwa Malindi hatukosi Wataliano, huenda utakutana na mzee atakayekwambia alikuwa A kwao. Huenda ni kweli. Ila A ya Italia na A ya Ujerumani hazikupimwa kwa rula moja, na hakuna ubadilishaji rasmi wa moja kwa moja ambao ungekufanya wewe wa Malindi uwe herufi yoyote kwa kikombe mlichokikosa mwezi uliopita.

Orodha ya dunia ni kitu kingine kabisa. Ya WDSF, shirikisho lililoanzia Wiesbaden mwaka 1957 kwa jina jingine na ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua mwaka 1997, hukusanya pointi za mashindano yanayotambuliwa na shirikisho hilo. Ubingwa wa dunia una pointi nyingi kuliko shindano la wazi la kawaida, nafasi ya juu ina pointi nyingi kuliko ya chini, na pointi hazikai milele: zikichakaa zinaanguka, lazima upate mpya. Kuna pia Baraza la Dansi la Dunia, WDC, lenye mashindano na mabingwa wake, ndiyo maana unaweza kusikia mabingwa wawili wa dunia katika dansi hiyo hiyo mwaka huo huo, na kila mmoja akawa anasema kweli.

Jambo ambalo orodha hiyo haikuambii ni nani anacheza vizuri lakini hakusafiri. Jozi ya Ulaya hupanda treni Ijumaa jioni, hucheza Jumamosi, hurudi nyumbani Jumapili, na hufanya hivyo mara nyingi kwa mwaka. Jozi ya Malindi lazima ifike Mombasa au Nairobi kwanza, kisha viza, kisha tiketi ya ndege kwa watu wawili. Anayeshika nafasi ya mia tatu kwenye orodha si lazima awe amewashinda ninyi. Huenda ana nauli tu. Iheshimu orodha kwa kile inachopima, yaani matokeo ya wale waliokuwepo. Na kuingia humo hupitia chama cha taifa kinachotambuliwa na shirikisho husika, wala si kwa mchezaji kujiandikisha mwenyewe. Kabla hamjalipa hata shilingi kwa mtu anayedai atawaingiza, mtakeni awaonyeshe barua ya chama chake.

Kuhusu malipo ya hoteli, ulizeni kwanza, tena kwa maandishi. Vyama vinatofautiana sana. Vingine humruhusu mchezaji wa ridhaa kufundisha au kutumbuiza kwa malipo, vingine huweka mipaka, na vingine humhamishia upande wa kulipwa. Mkishajua mnataka kucheza chini ya chama gani, isomeni kanuni yake kabla ya kusaini na hoteli. Desemba ikifika wageni wamejaa, na meneja akiwasukuma msaini jioni hiyo hiyo, mtasaini bila kufikiri.

Mmeniuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, muanzie wapi. Mkiwa na uwezo wa safari moja tu kwa mwaka, iacheni orodha ya dunia. Nendeni kwenye mashindano yenye jozi nyingi za kiwango chenu, hata kama kikombe chake ni kidogo, kwa sababu nafasi ya nne kati ya ishirini inakuambia mengi kuliko ya pili kati ya sita. Chagueni yale yenye majaji saba kuliko yenye watano, na yanayobandika karatasi. Na kwenye karatasi hii mliyo nayo, acheni kwanza safu ya jumla, msome safu ya jaji wa tatu na wa nne katika kwikstepu. Wote wawili waliwapa 3, na jaji wa nne ndiye aliyewapa 1 kwenye tango, kwa hiyo hawachukii. Kama mmoja wao bado yuko pwani, mfuateni kwa adabu mkamuulize aliona nini kwenye miguu yenu muziki ulipokuwa wa kasi. Majaji wengi hujibu swali la namna hiyo kwa moyo mweupe, mradi mtu hakuja kudai kikombe.